Maswali ya wasomaji: Coaster ya kuishi, baiskeli ya milimani na kona 57 za Chimala

Safu ya mwezi huu ni ya walioamua kuhamia garini na kuishi humo mwaka mzima huku Nyanda za Juu Kusini, na ya wale wanaopakia baiskeli kwenye magari hayo na kuifuata milima. Karibu kila barua inauliza habari ya kupanda: injini itaweza? Miguu itaweza? Tumejibu, lakini nafasi kubwa tumeipa kushuka na baridi. Mlima ukikushinda kuupanda unasimama, unapumua, unageuza. Mteremko na usiku wa baridi havikupi nafasi hiyo.

Shikamooni. Mimi na mke wangu tumenunua Coaster ya zamani, ile ndefu. Tumeng'oa viti na mwezi ujao tunahamia humo moja kwa moja. Tuna baiskeli mbili za milimani, na fundi wa kuchomelea anataka kututengenezea keria ya chuma ya nyuma. Ni sawa? Na tutauteremka mlima wa Kitonga tukiwa tumejaza kila kitu. (Mume na mke, Ilula, Iringa)

Marahaba, na hongereni. Hiyo keria ya nyuma tungeiacha. Coaster ndefu ina karibu mita 7, na kati ya ekseli na ekseli ni kama mita 4, kwa hiyo mkia wake umetokeza mbali sana nyuma ya magurudumu. Baiskeli mbili pamoja na chuma cha kuzibeba hufika kilo 50 kwa urahisi. Zikining'inia mita 2 nyuma ya ekseli, ekseli hiyo haiongezewi kilo 50 bali 75, na hizo 25 zimenyang'anywa magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya kukatia kona. Hapo gari limesimama. Likipiga tuta au shimo, mzigo huohuo hugonga kwa nguvu iliyozidi mara mbili. Ndiyo maana keria za kuchomelea hukatika palepale kwenye mshono, na baiskeli ikabaki barabarani dereva asijue. Isitoshe, huziba taa na namba ya gari, na trafiki akikusimamisha kwa hilo ana haki.

Ziingizeni ndani, chini ya kitanda. Kitanda kiwe na nafasi ya sentimita 90 kutoka sakafuni hadi chini ya fremu yake. Ng'oeni gurudumu la mbele, shusheni kiti, kisha foku ifungwe kwenye kipande cha mbao kilichokazwa sakafuni kwa boliti, chenye bomba la chuma la kupitishia ekseli ya baiskeli. Hata baiskeli ya magurudumu ya inchi 29, foku ikishuka namna hiyo, hendeli hubaki kwenye sentimita 80 na kitu. Urefu wake unakuwa mita 1 na nusu hivi. Moja ielekee mbele na nyingine nyuma, hendeli zisigombane. Kama breki ni za diski na za mafuta, chomekeni kadi ngumu katikati ya padi kabla ya kulala juu yake; mtu akiibonyeza leva wakati gurudumu halipo, pistoni hutoka nje na asubuhi gurudumu haliingii.

Kuhusu uzito, pimeni kabla hamjamaliza kujenga. Tangi la maji la lita 200 ni kilo 200. Plaiwudi moja ya milimita 18 ni karibu kilo 30, na betri ya asidi ya ampea-saa (Ah) 100 nayo vivyo hivyo. Kwa makabati tungetumia paini kavu ya Mafinga, siyo mninga. Mninga ni mzuri sebuleni, hapa ni kilo za bure. Mizani ya barabara kuu, kama ya Wenda au Makambako, itawaonyesha uzito wa kila ekseli. Linganisheni na kibao cha kiwanda kwenye gari. Halafu msisahau kwamba basi lililogeuzwa nyumba linatakiwa kubadilishiwa taarifa kwenye kadi TRA, na bima ijue pia; ajali ikitokea, kampuni itaangalia kadi inasema nini.

Sasa Kitonga. Gia ya kuteremkia ichagueni juu, kabla mteremko haujaanza: ile ambayo injini peke yake inalizuia gari lisiongeze kasi, mara nyingi ileile mngepandia. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo, kasi ishuke, kisha iachiwe ipoe. Mguu uliobaki juu ya pedali njia nzima huchemsha mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakikaa miaka yana maji ndani yake; maji yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama mpaka sakafuni. Badilisheni yote kabla ya safari ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2. Mkisikia harufu ya kuungua, tafuteni sehemu pana, simameni nusu saa, zuieni magurudumu kwa vigingi. Msiimwagie maji dramu ya breki yenye moto, itapasuka. Mkitumia jiwe badala ya kigingi, liondoeni kabla hamjaondoka.

Habari za kazi. Ninauza mitumba kwenye minada ya Njombe na Makete na ninalala ndani ya Hiace yangu siku zote. Asubuhi godoro limelowa upande wa chini na vioo vinatiririka maji. Usiku ninaingiza jiko la mkaa likishaiva vizuri, lisiwe na moshi, na ninaacha kioo wazi kidogo. Baridi ya Juni nifanye nini zaidi? (Dada wa minadani)

Nzuri, dada yetu. Kabla ya lolote jingine: kuanzia usiku huu jiko libaki nje.

Mkaa ulioiva na kuacha kutoa moshi ndio wenye hatari. Unaendelea kutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni huishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni inavyoishika, na mtu aliyelala hapati hata nafasi ya kuamka. Ndani ya Hiace hewa ni kidogo mno, na kioo kilichoachwa wazi vidole viwili hakitoshi. Upepo ukigeuka, hewa hiyo inabaki humo humo na wewe. Makaa yaliyofunikwa majivu ukidhani yamezimika yanatoa vilevile. Kama umewahi kuamka na kichwa kizito, kizunguzungu au kichefuchefu, vikaisha ukishatoka nje, hiyo si mafua wala uchovu wa mnada. Hali hiyo ikirudi, fungua milango yote, toka, nenda kituo cha afya na uwaambie ulilala na jiko. Jenereta ni hivyo hivyo: iwe angalau mita 6 kutoka garini, upande ambao upepo hauuleti moshi kwako. Kengele ya betri ya kutambua hewa hii inauzwa. Inafaa kuwamo katika kila gari la kulala, hata la mtu asiyewasha kitu ndani.

Joto utalipata kwa kulizuia lisitoke. Bati la gari ndilo linalokunyang'anya. Bandika juu yake foamu ngumu isiyonyonya maji, ya milimita 20 hadi 25, kisha ubao mwembamba. Usitumie sponji la godoro, maana hunyonya unyevu na bati huoza kwa nyuma usione. Vioo vikatie vipande vya foamu hiyohiyo vyenye karatasi ya kung'aa, uvipachike jioni. Jaza chupa ya mpira au dumu dogo gumu maji ya moto, lifunge taulo, uliweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Blanketi moja la sufu litandike chini yako, kwa sababu baridi nyingi ya garini hutoka sakafuni.

Wanaonunua hita za dizeli, zile zenye bomba la moshi linalotoka nje, wajue jambo moja la huku kwetu. Juu ya mita 1,500 hivi hewa ni nyepesi na hita inapata mafuta mengi kuliko hewa. Ukiiacha usiku kucha kwenye kipimo cha chini kabisa inajaa masizi na kuzimika baada ya wiki chache. Iwashe kwa nguvu zote dakika 15 au 20 kila siku kabla ya kuizima.

Godoro kulowa ni pumzi yako mwenyewe. Watu wawili wakilala hutoa nusu lita ya maji au zaidi usiku mmoja, nayo hugeuka matone pale yanapokutana na ubaridi, yaani kwenye vioo na chini ya godoro. Weka godoro juu ya chaga zenye nafasi, kuwe na uwazi wa sentimita 3 hadi 5 chini yake. Acha matundu mawili wazi hata kwenye baridi, moja juu na moja chini. Tundu la chini ni la lazima kama unapikia gesi, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni. Viungo vya mpira na regyuleta vipakwe povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Likitoa mapovu, usiwashe. Nguo zilizolowa zianikwe mbele, mbali na kitanda, au nje kabisa.

Maharage yakigoma kuiva huko Makete usimlaumu muuzaji. Kwenye mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, siyo 100. Yaloweke usiku kucha na tumia sufuria ya presha. Maji ya kunywa, juu ya mita 2,000, yaache yachemke dakika 3 kamili.

Coaster yangu ya injini ya 1HZ ilikuwa na nguvu Dar. Hapa Njombe inatoa moshi mweusi mlimani na haipandi. Nimeambiwa pampu imekufa. (Msomaji, Njombe mjini)

Usinunue pampu bado. 1HZ haina tabo, inavuta hewa iliyopo tu, na Njombe ina kama moja ya tano pungufu ya hewa ya Dar. Mafuta yanabaki yaleyale, hewa imepungua, kinachozidi kinatoka kama moshi mweusi. Badilisha chujio la hewa kwanza, kagua bomba lake kama limepasuka, kisha angalia kama breki ya gurudumu lolote inang'ang'ania. Moshi ukibaki mwingi, fundi wa pampu apunguze mafuta kidogo. Nguvu zilizobaki zitoe ndani ya gari: maji, vyuma, vitabu.

Kaka zangu, tuko vijana wawili Mbeya. Tunataka kupanda Hamsini na Saba kutoka Chimala hadi Matamba kwa baiskeli, tulale, kesho yake tuingie Kitulo, kisha tuteremke kulekule. Mmoja ana baiskeli ya inchi 29 yenye gia moja mbele ya meno 32 na gia 12 nyuma, kubwa yake ya meno 51. Mwingine ana ya mtumba ya inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma. Tutumie gari letu la kuishi kama kambi? Tujiandae vipi? (Vijana wa Uyole)

Vijana wetu, mmechagua njia ngumu na nzuri. Kwa wasioijua: Chimala iko kilomita 78 mashariki ya jiji la Mbeya kwenye barabara kuu, na barabara ya kusini inaukwea ukuta wa milima hadi Matamba kwa kona 57, ndipo ilipopata jina. Ng'ambo ya Matamba kuna Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, nyanda ya karibu mita 2,600 yenye maua ya mwitu ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Gari liacheni Chimala, kwenye ua wenye mlinzi, mkilipia. Malori yanapanda, ni kweli, lakini gari refu lililojaa kabati na maji kwenye kona hizo linabidi likate mara mbili huku mkia ukining'inia, na jioni ya kuteremka hamtakuwa na nguvu za kulidhibiti.

Anzeni na gia. Baiskeli ya inchi 29 yenye 32 mbele na 51 nyuma husogea kama mita 1.45 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwa mizunguko 60 kwa dakika ni kilomita 5 na kidogo kwa saa, mwendo ambao mtu anaweza kuushikilia kwa saa nyingi. Hiyo ya mtumba, kama gia ndogo ya mbele ina meno 24 na kubwa ya nyuma 28, husogea mita 1.77. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye kona ya ishirini itamlazimisha mwenzenu kusimama kwenye pedali, na akisimama kwenye changarawe gurudumu la nyuma linateleza. Nunueni friwili ya gia saba ya meno 14 hadi 34. Atapata mita 1.46, sawa na mwenzake. Angalieni kitu kimoja: kibadilishi cha gia cha nyuma kiwe cha mkono mrefu, kisha skrubu yake ya kukisogeza mbali na friwili ikazwe mpaka kisikwaruze meno 34. Kile kifupi kitashindwa kuinyoosha cheni, au kitavutwa ndani ya spoku na kukatika.

Cheni ipimeni kwa rula. Pini ya kwanza ikae kwenye sifuri, ya 24 baada yake iwe kwenye inchi 12. Ikipita kwa milimita 1.6, badilisheni cheni. Ikipita kwa milimita 3.2, gia za nyuma nazo zimekwisha, na cheni mpya itaruka juu yake mlimani, hasa unapokanyaga kwa nguvu zote, na goti litagonga hendeli.

Upepo wa tairi: kwa mtu wa kilo 75, tairi ya upana wa inchi 2.3 yenye tyubu, mbele psi 26 hadi 28, nyuma 29 hadi 32. Vibanda vya upepo huzoea kujaza 50 au 60. Kwa upepo huo tairi inadundadunda juu ya mawe na haishiki kitu. Ukienda chini ya 24 na tyubu, jiwe linaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba.

Msimu: tungechagua Septemba au Oktoba. Juni hadi Agosti hakuna matope ila baridi ya Kitulo ni kali, umande wa barafu si ajabu, na ukungu huficha malori. Maua yanapendeza Desemba hadi Aprili, na ndio wakati wa mvua. Udongo unanata kwenye fremu mpaka magurudumu hayazunguki. Anayetaka maua aende kwa miguu.

Siku yenyewe ondokeni Chimala alfajiri, kukiwa bado na ubaridi wa chini. Nusu saa ya kwanza mwende kwa mwendo ambao mnaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Wengi hushindwa mlima huu katika kilomita ya pili, wakigundua baadaye. Kuleni kabla ya kusikia njaa, kila dakika 30, ili mpate gramu 50 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ina kama 25, na kiazi mviringo kilichochemshwa cha ukubwa wa ngumi vivyo hivyo. Maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Chupa moja iwe na mchanganyiko wa lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Kwenye kona, upande wa ndani ndio wenye mwinuko mkali na changarawe iliyosukumwa na malori. Kama mnaona mbele na hakuna sauti ya gari, pandeni kwa nje. Kama hamuoni, bakini upande wenu wa kushoto, hata ikibidi kushuka na kusukuma. Malori ya viazi hushuka yakiwa yamejaa na hayawezi kusimama ghafla kwa ajili yenu. Mkisikia honi, tokeni barabarani kabisa, upande wa mlima, siyo upande wa bonde.

Hewa ya Kitulo ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Nyinyi wa Uyole mmeshazoea kiasi, lakini rafiki aliyetoka Dar wiki hiyo anaweza kupata kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi juu ya mita 2,500. Dawa ni kushuka. Kwa mazoezi, barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu, ule upandaji wa kuelekea Isyonje, inatosha kabisa mara mbili kwa wiki.

Sasa kushuka, na hapa tunaomba msome taratibu. Mtu na baiskeli wakiwa kilo 90, kila mita 1,000 wanazoshuka zinatoa nishati ya kilojuli 880. Kwa mwendo mdogo wa kona hizi, upepo hauli kitu. Karibu yote inaishia kwenye breki kama joto. Joto hilo linatosha kuchemsha lita 2 na nusu za maji. Breki za rimu hulipeleka kwenye rimu, rimu hulipeleka kwenye tyubu, na kiraka kilichobandikwa jana kinaachia. Kwa hiyo mwenye breki za rimu ashuke na tyubu mpya zisizo na kiraka, na kila baada ya kona sita au saba asimame dakika tano. Padi za rimu zenye mistari iliyofutika, au padi za diski zenye chini ya milimita 1 ya ulaji, zibadilishwe Mbeya, siyo Matamba. Padi mpya za diski zisugueni kwanza: kasi ya wastani, funga breki mpaka karibu kusimama, achia, mara 20 hivi. Bila hivyo hazishiki, na zikipata joto kali kabla ya kusuguliwa huwa kama kioo.

Breki mbili zitumike pamoja, kwa nguvu, mahali palipo pamenyooka kabla ya kona. Ukishaanza kukata, achia. Kufunga ya mbele katikati ya kona yenye changarawe ni kuanguka. Kiti kishushwe sentimita 5 au zaidi, makalio yarudi nyuma, pedali ya upande wa nje ya kona iwe chini na ibebe uzito wako. Kidole kimoja au viwili kwenye leva muda wote. Diski msiziguse mkisimama, zinaunguza ngozi.

Juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka, vueni fulana iliyolowa jasho mvae kavu, koti la upepo juu, na glavu za vidole vyote. Vidole vikifa ganzi havipimi tena breki. Karatasi za gazeti chini ya koti husaidia sana, na ni nyepesi.

Matamba iko nje ya hifadhi; Kitulo kuna kiingilio cha TANAPA. Waulizeni getini kuhusu baiskeli kabla hamjalipa, msije mkarudishwa.

Leva ya breki yangu ya mafuta inaingia mpaka inagusa hendeli. Fundi wa magari anasema ataongeza mafuta ya breki ya gari. Nimkubalie? (Mkazi wa Mafinga)

Soma kwanza maandishi kwenye leva au kwenye kifuniko cha mafuta. Breki za Shimano, Tektro na Magura hutumia mafuta ya madini. Mafuta ya gari, DOT 3 au DOT 4, yakiingia humo yanavimbisha raba za ndani, na baada ya muda mfupi breki nzima ni ya kutupa. Breki nyingi za SRAM ni kinyume: zinataka DOT, na mafuta ya madini ndiyo yanayoziua. Maandishi yakifutika, usiweke chochote mpaka umejua aina.

Leva kuingia sana mara nyingi ni hewa, au padi zilizokwisha. Bonyeza leva haraka mara kumi: ikipanda na kuwa ngumu, kisha ikalegea tena ukiiacha, ni hewa, na inahitaji kutolewa kwa bomba la sindano na mpira mwembamba, kuanzia chini kwenda juu. Usipulizie mafuta ya kulainisha karibu na diski. Padi iliyokunywa mafuta hairudi. Kuisugua kwa msasa ni kujidanganya. Diski yenyewe isafishwe kwa spiriti na kitambaa kipya.

Nina paneli ya wati 200 na betri ya asidi ya Ah 100. Tukuyu inaniangusha kila Mei. Kwa nini? (Mwalimu mstaafu, aishiye garini)

Shikamoo mwalimu. Rungwe, wilaya ilipo Tukuyu, inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na wingu lake ni zito. Hesabu yako, tukikisia matumizi ya kawaida, iko hivi: friji ndogo ya volti 12 kama wati-saa (Wh) 360 kwa siku, kompyuta mpakato saa 3 ni 150, taa 80, simu 30, jumla 620. Paneli yako siku ya jua inatoa kama 650. Siku ya ukungu inaweza kutoa theluthi yake au chini. Betri ya Ah 100 ina Wh 1,200, na ya asidi haitakiwi kushuka chini ya nusu, yaani volti 12.2 ikiwa imetulia. Kwa hiyo siku ya pili ya ukungu umeshaanza kuiua.

Tungeongeza paneli nyingine ya wati 200, na kuichaji betri kutoka kwenye injini kwa ampea 20. Saa moja ya kuendesha inaingiza kama Wh 270. Friji Juni na Julai izime, maziwa yanakaa nje. Kagua pia waya. Ampea 20 kwa umbali wa mita 3, kwenda na kurudi, kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 zinapoteza volti 0.84, na betri haijai kamwe. Waya wa 6 unapoteza 0.35 tu. Fyuzi ikae sentimita 20 kutoka kwenye betri, siyo mwisho wa waya. Anayehamia betri ya lithiamu asiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0. Iwekwe ndani, mbali na bati.

Pancha tatu siku moja, tundu mahali palepale. (Mpanda baiskeli, Iringa)

Mwiba bado umo kwenye tairi. Pitisha kitambaa chembamba ndani ya tairi, kitakwama kwenye ncha yake. Uchomoe kwa koleo. Kama tundu liko upande wa ndani wa tyubu, kosa ni spoku au utepe wa rimu.

Choo, na mahali pa kulala. (Wasomaji kadhaa)

Choo kikavu ndicho rahisi: ndoo yenye kifuniko, kiti kinachotenga mkojo kwenye dumu lake, na maranda ya mbao, vikombe viwili kila unapotumia. Kote kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga na Mufindi maranda yamejaa. Mkojo ukitengwa, harufu karibu inaisha. Fukia kinyesi angalau sentimita 30 chini kwa ruhusa ya mwenye shamba, mbali na kisima na mto, au kimwage kwenye choo cha shimo.

Kulala, fikeni kijijini kabla ya saa 11 jioni, mwende ofisi ya kijiji kwa mtendaji au mwenyekiti, mjitambulishe na kitambulisho, mseme mtaondoka lini. Mara nyingi mtaonyeshwa uwanja wa shule, kanisa au msikiti. Ua wa gesti kwa malipo kidogo nao unafaa, na una maji. Pembeni ya barabara kuu ya Tunduma msilale, malori hupaki gizani bila taa. Egesheni gari pua ikielekea njia ya kutokea, kwenye ardhi isiyotuamisha maji. Mvua ya usiku huku inaweza kuacha magurudumu ya nyuma yamezama mpaka nusu, na trekta la kuvuta hugharimu zaidi ya gesti ya wiki.